Kichupa cha Kalsiamu

Maiti ya Linda ilikuwa bado kitandani Inspekta Igoki alipoingia, na katika chumba cha pili mtoto aliyezaliwa alfajiri ile ile alikuwa akilia. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumbembeleza. Ilikuwa Jumapili, saa saba mchana, katika nyumba ndogo ya uzazi nyuma ya soko la Ishiara, na mabati yalikuwa yakilia kwa joto.

Langoni walijaa watu wa ukoo wa Ireri, mume wa marehemu. Walimtaka Mwaniki, muuguzi wa zamu, wamfanye wanavyojua wao. Konstebo wawili walikuwa wamemfungia ndani ya gari la polisi, pingu mikononi, na alikuwa akilia bila kujificha.

Sista Gladwell, mkunga mstaafu mwenye nyumba ile, ndiye aliyeeleza kisa. Linda aliletwa Jumamosi jioni, presha iko juu, ameshaanguka kifafa cha mimba mara moja. Akawekewa dripu ya magnesiamu, dawa ya kutuliza kifafa hicho. Alfajiri akajifungua salama. Saa nne asubuhi pumzi zikaanza kupungua, goti likigongwa halishtuki. Dawa ilikuwa imezidi mwilini ikageuka sumu. Mwaniki akafunga dripu, akakimbilia trei ya dharura kuchukua kalsiamu, dawa ya kuiondoa sumu hiyo. Ndani ya kisanduku cha kalsiamu akakuta kichupa kimoja cha sindano. Akasoma maandishi yake. Kilikuwa cha maji, yale ya kuyeyushia dawa.

"Alimpulizia hewa kwa mfuko wa kupumulia hadi mikono ikafa ganzi," Sista Gladwell alisema. "Gari la wagonjwa lilitoka Siakago. Kufika, mama wa watu ameshaenda."

Igoki aliipiga picha kadi ya mgonjwa, akamtumia daktari wa polisi. Jibu lilikuja upesi. Kipimo kilikuwa sahihi, ila figo zilionekana kugoma kuitoa dawa. Angethibitisha baada ya uchunguzi wa maiti. Kalsiamu ingekuwapo, alisema, huenda mama huyo angekuwa hai.

Inspekta akachukua rejista ya trei, akaingia garini kwa Mwaniki.

"Kila asubuhi imeandikwa kalsiamu ipo, moja. Saini ni yako?"

"Ni yangu."

"Hata ya leo?"

"Hata ya leo, madam."

"Leo uliiona kalsiamu?"

"Niliona kichupa. Nilihesabu. Sikusoma."

Damu ilimchemka Igoki. Alitamani kumzaba kofi. Muuguzi mzima, kila siku ya Mungu anatia saini kitu asichokisoma! Lakini uzembe ni jambo moja na kubadilisha vichupa ni jambo lingine, na pale langoni hakuna aliyetaka kusikia tofauti hiyo. Ireri alikuwa amemwambia kwa sauti ya chini, jicho kavu kabisa, kwamba jua likizama bila kuambiwa nani alimuua mke wake, watamtwaa yule aliye garini. Igoki, mtu wa Kianjai aliyehamishiwa huku mwezi uliopita, alikuwa na konstebo wawili tu. Aliomba askari zaidi kutoka Siakago, akaambiwa wako njiani, na yeye anajua njiani ya polisi ni nini.

Sista Gladwell alishikilia kwamba mwizi ameiba kalsiamu akaiuza. Igoki akaagiza kabati lote lihesabiwe mbele yake, na kila kichupa kisomwe kwa sauti. Oksitosini, tisa badala ya kumi. Adrenalini, tisa. Vitamini K, tisa. Diazepamu, dawa ya usingizi ambayo vijana wa sokoni wangeigombania, tisa vilevile. Kila kisanduku kilipungua kichupa kimoja, na kimoja kati ya kumi hakikuwahi kuulizwa. Lakini kisanduku cha kalsiamu kilikuwa na kichupa kimoja tu, ndiyo maana mwizi akalazimika kutia cha maji cha ukubwa ule ule.

Lo, mwizi gani huyu? Mwenye kuuza angebeba kisanduku kizima. Mlevi angechukua diazepamu na kuacha vitamini. Igoki akasimama mbele ya kabati, kijasho kinamtiririka mgongoni, akakumbuka mwaka ambao yeye mwenyewe alifeli mtihani wa kupandishwa cheo mara mbili, na jinsi alivyojaza vikaratasi kuta zote za nyumba yake. Anayetaka kuuza huchukua vingi. Anayetaka kujifunza hutaka kimoja kimoja, lakini vyote.

"Sista, nani hapa anasomea mtihani?"

Mama yule akautazama mlango wa mapokezi. Kisha akatafuta kiti. "Maxine," alisema. "Uwii, mtoto wangu Maxine."

Maxine alikuwa karani wa mapokezi, miaka ishirini na mitano, naye pia mtu wa Kianjai. Chuo cha uuguzi alikimaliza, lakini mtihani wa leseni ulimwangusha mara mbili, na mara zote mbili ni kwenye maswali ya dawa. Angeurudia Jumanne.

Hakubisha alipoambiwa afungue droo. Ndani mlikuwa na kipande cha katoni. Vichupa ishirini na viwili vilibandikwa hapo kwa plasta, kila kimoja na karatasi yake: kazi, kipimo, hatari. Cha kalsiamu kilikuwa katikati, kizima, hakijavunjwa shingo. Plasta yake ilikuwa imebanduka upande mmoja.

Igoki akavuta kiti, akaketi mbele yake.

"Hivi ni vya kabati?"

"Ningevirudisha Jumatano, madam."

"Vitabu huna?"

"Ninavyo. Majina ya kitabuni yananipotea. Kitu nikikishika kwa mkono, ndio nakumbuka."

Akaeleza mwenyewe, macho chini. Mama yake kule Kianjai alishawatangazia watu kanisani kwamba binti amepita. Kila akienda nyumbani husimamishwa mbele ya waumini kama Sista Maxine, wakapiga makofi, na baada ya ibada akina mama humletea watoto wenye homa awatazame. Yeye hutabasamu. Akifeli tena hana pa kwenda. Usiku halali, chakula hakishuki.

"Mwaniki alipoita kalsiamu, ulikuwa wapi?"

"Hapa mezani."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

Igoki alikuwa ameshapima. Kutoka meza ile hadi kitanda cha Linda zilikuwa hatua kumi na moja.

"Ukafanya nini?"

"Nilifungua droo. Nikaanza kubandua plasta. Sista akanipita mbio akienda kupiga simu. Nikafunga droo."

"Kwa nini, mwanangu?" Neno hilo lilimtoka Igoki bila kupenda.

"Wangeniuliza nilikitoa wapi. Ningezuiwa kufanya mtihani. Nikajiambia gari litafika. Nikawa najiambia hivyo, gari litafika, gari litafika, hadi nikamsikia Mwaniki akilia."

Igoki akamwandikisha maelezo hayo, akamsomea, naye Maxine akatia saini. Akaamuru Mwaniki afunguliwe pingu, ingawa uzembe wake angeujibu siku nyingine. Halafu akatoka nje kumwambia Ireri, kwa sababu kazi hiyo haitumwi konstebo.

Ireri alikuwa amepewa mtoto hatimaye, amemshika vibaya, kichwa kinaning'inia. Igoki akamrekebishia mkono. Akamweleza yote polepole, hakuficha kitu. Ireri hakutukana mtu. Aliuliza jambo moja tu: kama yule msichana alijua kwamba bila kichupa kile Linda atakufa, au alikuwa mjinga tu wa kufeli mitihani.

Igoki hakuthubutu kumjibu kwa niaba ya mtu. Akarudi ndani, akamuuliza Maxine vile vile alivyoulizwa.

Maxine aliinua uso kwa mara ya kwanza.

"Nilijua, madam," alisema. "Hilo swali sijawahi kulikosa."