Sahani ya Bushiri

Jumanne ile Saida aliamka vizuri. Baridi ya Isanga ilikuwa ile ile ya mwezi wa saba, ukungu umelala mpaka kwenye migomba, na jikoni Ikupa alishawasha mkaa na kuanza kumcheka Rukia kwa kuvaa soksi mbili mbili. Wajane watatu, wote wamepita sitini, nyumba moja. Nyumba ilikuwa ya Ikupa, ambaye watoto wake wametawanyika na mumewe kalala makaburini. Rukia, nesi mstaafu, alihamia wa kwanza. Saida alitoka Ilula baada ya kumaliza eda, na begi moja na kawa lake la ukili la kufunikia chakula. Shangazi yangu anakaa nyumba ya pili kutoka pale, na Rukia ndiye aliyemsimulia haya.

Tusifichane, Saida alikuwa na furaha. Bushiri, marehemu mumewe, alimpiga tangu mwaka wa harusi mpaka mwaka wa maziko. Alikuwa na mashine ya kusaga, na mkanda wa mashine ulikuwa umemkata vidole viwili vya mkono wa kulia, cha mwisho na cha pete. Kila alasiri alikuja kula akiwa mweupe kwa unga, anaonja, anauliza, "Nani kapika hiki?" Kisha kibao. Shavuni zilibaki alama tatu, si tano. Ilula nzima ilizijua.

Sasa alikuwa na watu wa kucheka nao. Walipika kwa zamu, na hakuna aliyemwinulia hata sauti. Aliogopa jambo moja tu, kuipoteza nyumba ile. Hakuwa na kwingine pa kwenda.

Lakini mkono ulishazoea. Kila akipakua alijikuta ametenga sahani ya nne, akaifunika kwa kawa na kuiweka kwenye stuli karibu na mlango wa jikoni, kama alivyomwekea Bushiri miaka yote. Wenzake walimtania kwamba ana mchumba. Chakula kilikuwa kinaisha, wakamlaumu paka wa jirani. Saida hakuwaambia kwamba paka hawezi kumaliza sahani halafu akairudishia kawa.

Jumanne hiyo zamu ilikuwa ya Ikupa, na maharage yalipungua chumvi. Alasiri Saida alikuwa uani anaanua nguo aliposikia harufu ya pumba. Kisha kishindo. Kisha sufuria likagonga ukuta.

Alimkuta Ikupa sakafuni, mdomo umepasuka, jino limo kwenye maharage. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekunjwa upande usiokunjika. Hapakuwa na mtu mwingine mle jikoni. Kwenye shavu la Ikupa alama zilikuwa zinavimba. Tatu.

Rukia aliufunga ule mkono kwa vijiti na kanga. Saida alitamani kunyamaza, Mungu amsamehe. Akashindwa. Alieleza yote huku analia, halafu akaanza kutia nguo zake kwenye begi.

"Weka begi chini, Saida," Ikupa alinong'ona, damu ikimtiririka kidevuni. "Kesho mwekee tena."

"Atakuua."

"Mwekee. Safari hii tutampakulia sisi."

Rukia akasema kwamba wakishaanza hawatasimama, hata alie vipi, hata aje kwa sura gani. Wote watatu wakakubali. Mchungaji wa Ikupa na shehe wa Saida hawakuambiwa.

Kesho yake Saida alipika bila chumvi kabisa. Akapakua, akafunika, akajibanza nyuma ya mlango na mchi wa kinu. Rukia alishika panga. Ikupa alishika nondo kwa mkono uliobaki. Ukungu ukashuka. Ikaja harufu ya pumba. Kawa likainuka lenyewe.

"Nani kapika hiki?"

"Mimi," Saida akasema, akapiga.

Mchi ulikuta kitu. Kwanza laini, kisha mfupa. Unga ukaruka. Akapiga tena. Rukia alikata. Ikupa alichoma. Kitu kiliguna, kikajikokota, kikamshika Saida kifundo cha mguu kwa vidole vitatu. Akapiga pale ambapo kichwa kingekuwa. Kikaachia. Wenzake wakasimama kuhema. Yeye hakusimama. Aliona raha, na jioni alikiri hivyo kwa Rukia.

Sakafuni lilibaki rundo la pumba mbichi. Waliifagia, wakaichoma uani pamoja na kawa. Ile sahani wakaivunja.

Siku zikapita shwari. Mfupa wa Ikupa ukaanza kuunga, akadai zamu yake ya kupika, akapika kwa mkono mmoja huku anajisifu. Mchana wakakaa mezani mle jikoni, sahani tatu tu. Ikupa alikuwa anasimulia habari za mbuzi aliyeingia kanisani. Saida akaonja maharage. Chumvi imepungua.

"Nani kapika hiki?"

Maneno yalitoka kinywani mwake. Wenzake wakamtazama. Saida alitaka kucheka, waone kwamba ni utani. Mkono ukawahi. Ikupa akaanguka na kiti chake, ameshika shavu, na kati ya vidole vyake alama zikaanza kutokeza.

Saida akautazama mkono wake wa kulia. Kidole cha mwisho na cha pete vilikuwa vimekunjika kiganjani. Alijaribu kuvikunjua. Havikukunjuka. Kwenye kucha kulikuwa na unga.

"Rukia," alinong'ona. "Ni mimi, ndugu yangu. Ni mimi."

Rukia alikuwa analia. Aliinuka, akafunga mlango wa jikoni kwa komeo, akauchukua mchi.

Siku hizi wanaishi wawili. Ukipita wanakukaribisha chai, na chai yao ni nzuri. Mlango wa jikoni wameshaupaka rangi mara mbili, lakini alama za unga zinarudi, vidole vitatu vitatu, kuanzia kwenye komeo kushuka mpaka sakafuni. Shangazi amezigusa kwa mkono wake. Ziko upande wa ndani.