Maziwa Yaliyopita Mlango Huu

Asubuhi ile kizingiti cha kituo cha maziwa kilikuwa kimelowa, na hayakuwa maji. Filomena, mpokeaji wa maziwa, alikanyaga akateleza, akainama kutazama. Mate. Mate mazito ya kunata, yananuka dumu lililolala bila kuoshwa, na nywele zilizoungua. Alipangusa kiatu kwenye nyasi, akajisemea ni mbwa tu. Mbwa wa Handeni hawana adabu. Lakini alama ya ulimi kwenye ubao wa mlango ilianzia chini ikaishia juu kuliko kichwa chake.

Kituo kilikuwa na meneja mpya, Godfrey, aliyeletwa kutoka makao makuu Korogwe akiwa na begi la kompyuta na neno moja mdomoni: mkakati. Ukimsalimia, mkakati. Ukimwomba ruhusa ya kwenda msibani, mkakati. Mkakati wenyewe ulikuwa kufuta upotevu, na yeye na msaidizi wake Bonaventura wakatundika ukutani ubao wa kuonyesha kila siku maziwa yaliyopotea.

Sasa, tangu kituo kianze, masalio ya chini ya dumu yalikuwa haki ya muoshaji. Wafugaji walijua, wapokeaji walijua, na hakuna aliyewahi kuyaita wizi. Ramadhan, muoshaji, aliyakinga kwenye kikombe chake cha bati, akanywa, siku yake ikaanza. Godfrey akapiga marufuku. Watu wakaitikia "sawa bosi", wakaendelea. Alifoka wiki nzima, halafu ghafla akanyamaza. Akawa anakaa ofisini na chai yake ya maziwa, maziwa hayohayo ya kituo, anatabasamu peke yake. Tabasamu lile lilimkera Filomena kuliko kufoka.

Haikupita muda Ramadhan akaja kazini amejifunga kitambaa mdomoni.

"Dada Filo," alinong'ona, "nitazame, ila usipige kelele."

Akatoa ulimi. Ulikuwa umeota manyoya meupe yaliyolowa, na katikati una mchubuko mwekundu, kama pamekwanguliwa na kurudiwa. Uvundo ulimpiga Filomena usoni, akageuka akatapika kando ya madumu.

"Kuna kitu kinanijia hata mchana nikijilaza kidogo," Ramadhan alisema. "Kinanikalia kifuani, kinanipanua mdomo, kinanilamba mpaka kooni. Dada, kinatafuta maziwa."

Wiki ile ubao ulionyesha sifuri. Godfrey akaupiga picha, akaituma Korogwe.

Filomena alimhurumia Ramadhan, lakini aliona halimhusu, kwa kuwa yeye hakuwahi kunywa hata tone. Alikuwa na mtoto wa kunyonya, Simeo, na kila adhuhuri jirani yake Munira alimletea, na yeye mwenyewe akamnyonyesha palepale kwenye ngazi ya mlango. Siku moja alipomtoa kwenye titi aliona ulimi wa mtoto umekuwa mweupe. Utando, alijiambia, na zahanati nao wakasema utando, wakampa dawa ya matone.

Jioni ileile, akiwa amempakata kitandani na mlango ameufunga kwa komeo, alisikia kitu kinalamba. Kililamba taratibu, kwa uroho, kama ng'ombe anavyomlamba ndama, na sauti ilianzia mlangoni ikapita chini ya kitanda ikapanda godoroni, chumba kikanuka nywele zilizoungua, shavu la mtoto likalowa mbele ya macho yake bila mtu kuligusa, na ile midomo midogo ikaanza kupanuliwa na kitu asichokiona, na Simeo, mtoto wa kulia kwa kila jambo, hakulia, alikodoa macho tu, mpaka Filomena akamziba mdomo kwa kiganja chake mwenyewe na kuhisi ulimi wa baridi, wenye mikwaruzo, ukipita kidole baada ya kidole ukitafuta upenyo.

Kulipokucha alikwenda kwa Mzee Mwinjuma, mganga wa majini anayejulikana Handeni nzima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Harufu hiyo naijua."

Mzee hakuficha kitu. Godfrey alifika kwake na Bonaventura kuomba jini mlinzi.

"Nilifuatana nao mpaka mlango wa kituo, nikamuuliza alinde nini, na nani asiguswe," alisema. "Akajibu, maziwa yoyote yaliyopita mlango huu ni mali ya kituo mpaka yauzwe, na yeyote atakayeyanywa kabla alambwe, isipokuwa meneja. Nikamwambia, baba, maneno yako ni mapana, yapunguze. Akasema mkakati mzuri hauachi mwanya."

"Lakini mwanangu hajanywa maziwa ya kituo!"

Mzee alimtupia jicho kifuani, kisha kwa aibu akatazama pembeni. "Unapita mlango ule kila siku, mama. Na unapita nayo."

Filomena aliyaona matiti yake kama vitu vya mtu mwingine. Alitaka kuyakwangua.

"Basi mwondoe, mzee, nakuomba."

"Mimi siwezi. Amri ya meneja huifuta meneja, kwa kinywa chake, pale mlangoni. Akiifuta, jini anaondoka saa hiyohiyo."

Filomena alifika kituoni mbio, Simeo mgongoni. Ofisini walijaa wageni kutoka Korogwe na chupa zao za soda, wakiongozwa na Mama Rosina, mkurugenzi. Hakubisha hodi.

"Bosi, lifute lile neno. Linamlamba mwanangu."

Godfrey aliwachekea wageni, akamvuta pembeni. "Leo? Mbele ya wakubwa?" alinong'ona. "Mwachishe ziwa, yaishe. Kila mkakati una wanaoumia."

Filomena alitamani kumtemea mate. Mama Rosina akasimama.

"Kituo hiki hakipotezi tone. Kwa hiyo kuanzia sasa hivi Godfrey si meneja wa hapa tena. Anakuja makao makuu, akaupeleke mkakati huu Hale, Magoma na Mnyuzi. Meneja wenu ni Bonaventura."

Makofi yakalia. Godfrey akainua kikombe chake cha chai ya maziwa kuwashukuru, akapiga funda kubwa.

Shavu lake likalowa. Taya likafunguka, likazidi kufunguka, wote wakasikia kulambwa, na weupe ukamwota ulimini kama ukungu juu ya ugali uliolala, ute ukachuruzika mpaka kwenye tai. Wageni wakaziba pua. Godfrey alijikokota hadi kwenye kizingiti, akatoa sauti, "Na... nafu...", lakini ulimi haukugeuka, na hata ungegeuka, hakuwa meneja tena.

Filomena akamkimbilia Bonaventura. "Ni wewe sasa. Unajua kila kitu, ulikuwepo. Simama pale mlangoni useme imefutwa. Neno moja tu, kaka."

Bonaventura alimtazama Godfrey pale chini. Akamtazama mtoto. Kisha akautazama ubao wenye sifuri, na Mama Rosina, aliyekuwa ameziba pua kwa leso huku bado akiutazama ubao uleule.

"Nimekusikia, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Ila ndiyo kwanza nimeteuliwa. Ngoja tufunge mwezi."

Akavuta kiti cha meneja, akajimiminia chai, akaongeza maziwa. Mgongoni, Simeo aliamka na njaa.