Dakika Moja Shimoni

Rafiki yangu Detlef, fundi saa wa Nürnberg mwenye kitambi kama changu, alimpeleka mkewe Gudrun kushinda katika mji wa kale wa jirani. Walikula soseji, wakapiga picha nyumba za mbao zilizoinama kama walevi, kisha wakaingia gereza la mnarani. Chini yake kuna shimo, na desturi ni mgeni kufungiwa humo dakika moja aonje giza la wafungwa.

“Tangulia, mzee wangu,” Gudrun alimtania. “Panya washibe kwako kwanza.”

Detlef akashuka ngazi, akisikia viatu vikimfuata nyuma. Kifuniko kikabamizwa. Giza likamjaa machoni. Mara mjeledi ukapasua hewa, na sauti ya Gudrun ikapiga yowe.

“Fungua, mke wangu anapigwa.”

“Bado sekunde arobaini, bwana,” mlinzi alijibu kutoka juu. “Dakika ni dakika.”

Mjeledi ukashuka tena na tena. Detlef akarusha ngumi gizani, akasikia mfupa ukivunjika. Akakamata kichwa kwa nywele, akakigonga ukutani mpaka mjeledi ukanyamaza.

Kifuniko kilipofunguliwa, Gudrun alikuwa juu, kando ya mlinzi, akitafuna biskuti.

“Miye na ngazi hatupatani, nilibaki huku,” alisema. “Ulikuwa unagombana na nani?”

Shimo lilikuwa tupu. Mkononi mwa Detlef kulikuwa na kishungi cha nywele za mvi, na kipande cha ngozi kilichokuwa bado na joto.