Ufunguo wa Ntumba

Pikapu iliwaka yenyewe saa sita kamili za mchana, kapo, kile kifuniko cha injini, ikiwa wazi na mkono wa Mwila ukiwa ndani ya injini.

Aliuchomoa kabla feni haijamla vidole. Hakupiga kelele. Kwa umri wake, na kiuno kile, hata kushtuka kulimchosha. Ila jambo lilimkaa vibaya, maana yeye ndiye aliyefunga ile demara ya telekomandi, ya kuwashia gari kwa rimoti, miezi miwili nyuma, na aliiwekea swichi: kapo ikiwa wazi, injini haiwaki hata ubonyeze mpaka kidole kiote sugu. Isitoshe, telekomandi ilikuwa mfukoni mwake, haina batri.

"Siku ya ine hii, Baba," alisema Chadrack kwa sauti ya chini. "Saa sita tu. Hapana saa ingine."

Chadrack alikuwa mwanawe, mwanaume mzima mwenye watoto wawili, na ndiye dereva mpya wa pikapu hiyo. Kazi yenyewe ameingoja miaka mitatu. Kesho alfajiri angeipeleka Lukafu kupakia mahindi. Dereva aliyemtangulia, Ntumba, alifia kwenye barabara hiyohiyo: aliiegesha pikapu hii kando saa sita mchana apumzike, maana alikuwa na malaria, na hakuamka tena. Mwila asipoona kosa leo, kesho mwanawe ndiye atakayekaa kwenye kiti kile.

"Uongeze mwangaza," alimwambia Chadrack aliyeshika tochi, akajikunja chini ya usukani.

Alikata waya wa starta. Injini iliendelea. Alichomoa rele, kisha fyuzi, kisha kile kiboksi kizima akakitupa nje. Injini iliendelea. Humo ndani palinukia munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, uliochacha, na wao wawili tangu asubuhi walikuwa wamekunywa maji tu. Chadrack akaenda kufungua batri, akaiweka chini penye vumbi ili baba yake aione, na hapo Mwila, shingo imekwama kati ya pedali na waya, akisikia injini isiyo na batri wala fyuzi ikinguruma polepole bila haraka, na kiti cha juu yake kikilia kama kinavyolia mtu mnene akijiweka sawa kabla ya safari ndefu, ingawa Chadrack alikuwa amesimama nje mbele ya kioo, alielewa kwamba aliyekuwa akimtafuta kwenye waya asubuhi nzima hakuwa kwenye waya.

Akakumbuka ufunguo.

Gari la aina ile haliwaki lisipoona ufunguo wake karibu. Kwa hiyo afungaye telekomandi huomba ufunguo wa pili, akauzungushia utepe na kuuficha nyuma ya dashibodi, gari lidhani mwenyewe amekaa. Mwenye gari, Kakule, aliuleta, akauacha juu ya meza ya kazi, akaenda dukani kwake. Mwila hakuuliza ulikotoka. Siku ile pia alikuwa amechoka.

Akampigia Kakule simu, akamuuliza ufunguo ule ulikotoka.

"Ilikuwa ya Ntumba," Kakule alijibu. "Niliikuta ku kontakt, siku tulitosha maiti ndani ya gari."

"Kilio ilikuwa ilishaisha?"

"Mahindi haikuwa ya kungoja, Papa Mwila."

Mwila alifumba macho. Chombo cha kazi cha marehemu hukaa na wafiwa mpaka kilio kiishe, ndipo wakitoe na kukiachia kitumike tena. Hata yeye alifanya hivyo kwa nyundo ya baba yake. Aliujua mwiko huo wote, na hakuuliza.

Aliukata utepe, akautoa ufunguo. Kiuno kikamkamata palepale. "Shika," alisema, akampa Chadrack kupitia dirishani. Injini ikanyamaza.

Moyo wa Mwila ukatulia kwa mara ya kwanza baada ya siku nne. Wakaenda kwa miguu mpaka kwa Simone, mjane wa Ntumba, barabara ya pili humohumo katika mtaa wao wa Kenya. Mlangoni Chadrack aliuacha ufunguo juu ya kizingiti, baba yake akauokota; yeye akabaki nje.

Simone alipouona, alificha mikono nyuma.

"Uiweke chini, Papa Mwila. Kintu ya mufu hatupeane mukono ku mukono. Ule anaipokea, anapokea na mwenyewe." Akamtazama. "Ulipatia muntu?"

Mwila aligeuka kuutazama mlango.

Mlango ulifunguka. Chadrack, mfupi kama mama yake, aliinamisha kichwa kupita mlangoni, kama mtu mrefu aliyezoea kujigonga. Akaketi kwenye kiti cha dirishani, ambacho hakuna aliyekikalia tangu msiba.

"Simo," alisema. Jina hilo alilitumia mtu mmoja tu duniani. "Njia inanichokesha. Munkoyo iko?"

Simone aliangua kilio, huku mkono wake ukienda wenyewe kwenye kikombe.

"Chadrack," Mwila aliita. "Mwana wangu."

Yule aliyeketi alimgeukia kwa heshima, kama mteja.

"Aksanti, Papa Mwila. Gari iko muzuri sasa."