Soksi ya Babu

Kila jioni akitoka shule, Sindano alipitia wodini kumpaka babu yake mafuta miguuni. Jina hilo alipewa na babu mwenyewe, fundi cherehani, kwa ajili ya wembamba wake na ulimi wake mkali. Babu alikuwa amepasuliwa moyo, na siku ya upasuaji madaktari walipitisha mrija kwenye mshipa wa damu wa pajani, upande wa kulia, ili mashine isukume damu wakati moyo umepumzishwa. Sasa moyo ulidunda vizuri, na babu alitarajiwa kurudi nyumbani kesho yake.

Jioni hiyo Sindano alishika mguu wa kushoto, una joto. Akashika wa kulia. Lo, ulikuwa baridi kama mkasi! Tena umepauka, na alipoutekenya unyayo, babu, ambaye kwa kawaida hucheka mpaka akohoe, hakushtuka.

Babu akamwomba amvishe soksi na anyamaze. Eti ni ganzi ya kulala sana, akianza kukanyaga cherehani utachangamka wenyewe. Madaktari wakijua watamwongezea siku, na hospitali ilishamfika kooni.

"Iwe siri yetu, fundi wangu."

Sindano akaivuta soksi hadi kifundoni. Hakuwahi kumchongea babu, hata alipomfuma akilamba sukari jikoni. Roho ilimuuma. Lakini mguu huo ndio uliokanyaga cherehani miaka yote ukamlisha na kumsomesha. Akaivua.

"Babu, hii siwezi kuificha. Ukitaka kuninunia, ninunie."

Akaenda moja kwa moja kwa muuguzi. Muuguzi akapapasa mguu akitafuta mapigo, hakuyapata, akamwita daktari mbio mbio. Damu ilikuwa imeganda na kuziba mshipa pale ulipopita mrija. Babu akarudishwa chumba cha upasuaji, damu ile ikatolewa.

Siku iliyofuata Sindano alimkuta babu amenuna kwelikweli. Akamtekenya unyayo wa kulia. Babu akaruka, akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Mzee," muuguzi akamwambia, "ungeondoka na soksi yako, ungerudi kukatwa mguu."

Babu akamshika mjukuu wake mkono.

"Nilikuomba unifichie, ukanipenda kuliko nilivyoomba. Mtu akikuambia umfichie ugonjwa wake, wewe sema, hata kama atakununia. Haya, fundi, nipake mafuta. Anza na huo wa kulia."