Kemilembe Aliposema Okushoma

Kila Jumanne na Alhamisi, Joviana aliporudi kutoka shuleni, alikuta kazi ileile ikimsubiri: mkungu wa ndizi mlangoni mwa jiko, kisu juu yake, na dada yake Kemilembe akijifunga kitenge tayari kuondoka.

"Naenda okushoma," Kemilembe alisema kwa ile sauti yake ndogo, akashika njia.

Kwa Kihaya, okushoma ni kusoma, na pia ni kwenda kusali. Nyumbani kwao, kijijini Ngenge, hakuna aliyemuuliza anamaanisha ipi. Kemilembe alikuwa mtu mzima, mpole, asiyekosa ibada ya Jumapili. Basi wote walisikia kanisa.

Joviana alikaa kwenye kigoda, akaanza kumenya. Alikuwa na hasira hata akawa anakata ndizi pamoja na ganda, na utomvu ukamganda vidoleni mpaka vikawa vyeusi. "Kila Jumanne na Alhamisi yeye anasali," alinung'unika, "na mimi namenya."

Ijumaa moja, katika darasa lao la tano, mwenzake Johnson alimgeukia akitabasamu vibaya.

"Jovi, dada yako kahamia kwetu. Jana jioni nilirudi kuchukua mpira, nikamkuta kwenye dawati lako, magoti hayaingii chini. Anasoma huku kidole kinatambaa kwenye mstari kama konokono. Nadhani wiki ijayo atacheza rede na ninyi."

Darasa zima likacheka. Joviana aliona uso unamwaka. Kwa hiyo si kanisani. Kumbe alikuwa anamenya ndizi ili dada yake aje kumfanya kichekesho.

Jumanne alimfuata. Alipofika dirishani mwa darasa lake aliwaona watu wazima wachache wamebanana kwenye madawati ya watoto, na Mwalimu Jovita mbele ya ubao. Kemilembe alikuwa amesimama, kitabu mkononi, akisoma polepole. Alipopata neno gumu alitulia, akalirudia, akalishinda.

Joviana hakusubiri lile linalofuata. Aliingia bila hodi.

"Mwongo wewe. Ulisema uko kanisani. Umekosa pa kukaa hadi ukalie dawati langu? Wenzangu wananicheka kwa sababu yako."

Kemilembe alifunga kitabu taratibu, akamrudishia mwalimu kwa mikono miwili, akatoka.

Alhamisi hakwenda. Alikaa jikoni akimenya ndizi zote yeye mwenyewe. Joviana alikuwa amepata alichotaka, lakini hakuweza hata kumwangalia usoni.

Baba yao, Damian, alirudi kutoka Muleba mjini akashangaa kumkuta. "Kemi, leo huendi kusali?"

"Siendi tena, tata."

"Hakuwa anasali," Joviana alidakia. "Alikuwa anasoma shuleni kwetu. Alitudanganya."

Kemilembe, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, aliweka kisu chini kwa kishindo.

"Sijadanganya. Nilisema okushoma. Ninyi ndio mliosikia kanisa, kwa sababu hakuna kati yenu aliyefikiri kuwa mtu kama mimi anaweza kusoma." Akamgeukia baba yake. "Mama alipofariki nilikuwa darasa la tano. Tata, uliniambia nimlee huyu mpaka atembee. Nikambeba. Akatembea, akakimbia, akaanza shule. Mbona hukuniambia nirudi? Nilingoja. Nataka kujifunza ushonaji chuoni Bukoba, na wanataka mtu anayeweza kusoma na kuandika vipimo. Sasa na huyu niliyembeba mgongoni ananifukuza."

Joviana alisikia maneno hayo yakimwingia moja moja. Dawati alilolilinda vile lilikuwa la darasa lilelile dada yake alilolikatisha kwa ajili yake.

Damian alivuta kigoda, akachukua kisu, jambo ambalo wanawe hawakuwahi kuliona.

"Joviana, umeharibu mbele ya watu. Utatengeneza mbele ya watu," alisema. "Kuanzia sasa, siku za darasa namenya mimi."

Jumanne Joviana alikwenda na dada yake. Aliingia kwa hodi, akasimama mbele ya darasa. "Dada Kemi, nilikukosea hapa, nakuomba msamaha hapa. Dawati ni lako mpaka umalize."

"Hasira yangu haijaisha," Kemilembe alimjibu. "Lakini sogea, nipite nikakae."

Waliporudi, jiko lilikuwa linafuka moshi. Damian aliwapakulia ndizi zilizokatwa ovyo, nyingine bado na maganda.

"Tata, hizi umemenya au umepigana nazo?" Kemilembe alimuuliza.

"Cheka tu. Nina mvi, na kumenya nimeanza juzi. Wiki ijayo nitamenya afadhali. Kujifunza ndivyo kulivyo, kwa mkubwa na kwa mtoto. Hakuna aibu kwa anayeanza amechelewa, wanangu. Aibu ni kwa anayemcheka, na kwa aliyemzibia njia. Mimi nilikuzibia, Kemi."

Kemilembe alikula ndizi zake zote, maganda akayaweka pembeni.

"Alhamisi naenda okushoma," alisema.

Na safari hii hakuna aliyesikia kanisa.