Mstari Alioruka Kikokotoo

Kila siku akitoka shule, kabla hata ya kuvua sare, msichana mmoja wa darasa la sita alipitia kwanza kwenye chumba cha kushonea alichofanyia kazi mama yake. Kazi zake zilikuwa zilezile: afagie mabaki ya vitambaa, kisha aburute sumaku sakafuni ili inase pini zilizodondoka chini ya vyerehani. Mafundi wa chumba kile, wote wanawake, walimwita Kikokotoo. Ukimwambia shati moja linakula mita moja na nusu na oda ni mashati ishirini na sita, yeye alikuwa ameshajibu "thelathini na tisa" wewe bado unatafuta kalamu. Jina hilo alilipenda mno, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema "sijui".

Siku moja alikuta Baba Mdogo, yaani mdogo wake baba, amesimama katikati ya chumba na karatasi mkononi. Baba Mdogo aliuza mitungi ya gesi ya kupikia pale kona, na mdomo wake ulikuwa na mbio kuliko miguu yake.

"Shemeji, mambo yameiva!" alikuwa akimwambia mama. "Kampuni yetu ya gesi inauza hisa. Ukinunua hisa, na wewe unakuwa mwenye kampuni, japo kipande kidogo tu. Wakipata faida, unagawiwa. Unakaa hapa unashona, huku gesi inakufanyia kazi!"

Mafundi wote walisimamisha vyerehani. Walikuwa na kikundi chao cha kuweka akiba, na akiba ile ilikuwa na kazi yake: kununua mashine ya overloki, ile ya kumalizia kingo za nguo zisifumuke nyuzi. Hawakuwa nayo. Kila oda ilipoiva, mtu alibeba mzigo mgongoni hadi mtaa wa pili kupangia foleni mashine ya watu, na wateja walikuwa wameanza kuchoka kusubiri. Sasa overloki au hisa? Pesa hazikutosha vyote viwili.

"Hisa hatukatai," alisema mama, aliyekuwa mweka hazina. "Lakini kwanza tuone kampuni yenyewe inatembeaje. Inapanda au inashuka?"

"Si hii hapa!" Baba Mdogo akampa zile karatasi. "Taarifa ya mapato ya miaka mitano. Wametoa wenyewe, kila kitu kiko wazi."

Mama aliitazama. Fundi wa vifungo, mkubwa wao kwa umri na mwenyekiti wa kikundi, waliyemwita Mama Vifungo, naye akanyoosha shingo akaitazama. Ilikuwa imejaa tarakimu juu hadi chini. Mama akageuka.

"Kikokotoo, mwanangu, hebu tuchoree hii kwenye karatasi ya manila. Jumamosi tuna kikao. Tuione kwa macho."

"Hiyo tu?" alijibu Kikokotoo. "Kazi ndogo."

Nyumbani alifungua daftari la hesabu na kuanza. Upande wa kushoto wa taarifa kulikuwa na maneno: mauzo, gharama za kununua gesi, mishahara, riba ya mkopo, na chini kabisa, faida. Mbele ya kila neno zilipangwa namba tano, moja kwa kila mwaka. Mauzo yalianza na milioni mia sita na kumi, yakaenda mia saba, mia saba na sitini, mia nane na arobaini, mpaka mia tisa. Faida nayo ilianza na kumi na mbili ikaishia themanini na moja. Kikokotoo hakupoteza muda. Aliandika chini ya grafu yake, pale kwenye manila: mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Akachukua kalamu ya wino mzito, akavuta mistari ya mauzo na ya faida. Yote miwili ilipanda vizuri, hadi akacheka peke yake.

Kisha akafika kwenye riba.

Riba ni ile nyongeza unayolipa ukikopa. Mstari wa riba ulianza na milioni arobaini, ikafuata kumi na tano, halafu vistari vitupu mpaka mwisho. Kwa hiyo kampuni ilikuwa na deni zamani, ikamaliza kulilipa. Sawa. Lakini sawa vipi? Kikokotoo alikumbuka siku tangi kubwa la gesi la kampuni ile lilipoletwa mtaani. Alikuwa darasa la nne. Barabara ilifungwa asubuhi nzima, watoto wakapanga mstari kulitazama, na ubavuni palibandikwa bango la benki iliyowakopesha. Sasa yuko darasa la sita. Deni la juzi hivi, riba yake ililipwaje miaka mitano nyuma? Na leo, tangi liko palepale linang'aa, mbona hakuna riba hata senti?

Alihesabu upya. Jibu likaja lilelile. Akahesabu kutoka chini kwenda juu, ikawa vilevile. Kichwa kilianza kumzunguka. Kesho yake alimpitia Baba Mdogo pale kona.

"Shikamoo, Baba Mdogo. Ile riba mbona imekaa hivi?"

"Marahaba. Imekaa vipi?" Baba Mdogo alitazama karatasi, akakuna kisogo, akaitazama tena. "Aa, hiyo... hiyo ni mambo ya kampuni. Mambo makubwa hayo. Wewe chora faida, watu wanataka faida."

Kikokotoo akaondoka akiwa amechanganyikiwa zaidi ya alivyokuja. Alitaka kumuuliza mama. Alifika mpaka mlangoni, mama akainua uso kwenye cherehani, akauliza, "Vipi, mhasibu wangu, imeisha?" Angeanzaje kusema hajui, yeye Kikokotoo?

"Imeisha, mama," alisema.

Usiseme ni uongo mkubwa. Hata yeye alijiambia si mkubwa. Mstari wa riba hakuuchora kabisa. Ungeharibu grafu, kwanza, na pili haukumwingia akilini. Aliuruka kama mtu anavyoruka dimbwi njiani.

Jumamosi chumba kilijaa. Manila ilibandikwa ukutani, juu ya meza ya kukatia. Kikokotoo alisimama na futi ya kupimia nguo mkononi badala ya fimbo, akaeleza. Mauzo haya hapa, yanapanda. Faida hii hapa, inapanda. Akina mama waliitikia kwa vichwa, na kila alipotua, mmoja alisema "ehee" na mwingine "sawasawa". Baba Mdogo, aliyealikwa kama mleta habari, alikuwa anatabasamu mpaka jino la mwisho.

"Si niliwaambia? Inapaa hii!"

"Basi tusipoteze muda," alisema Mama Vifungo. "Overloki itasubiri. Wanaokubali tununue hisa wanyooshe mikono."

Mikono ilianza kunyanyuka, mmoja mmoja. Mama naye alikuwa anainua wake polepole, na Kikokotoo alikiona kile kidole cha shahada, chenye ncha ngumu kwa miaka ya kuchomwa sindano. Akili yake ikarudi pale pale ilipokuwa imekwama: tangi, bango la benki, riba. Kama hajui ule mstari unasema nini, basi hajui hii kampuni inakwenda wapi. Na kama yeye hajui, hawa wananyoosha mikono kwa sababu gani?

"Mama, ngojeni!" alisema. Sauti ilitoka nyembamba mpaka akajionea aibu. "Mimi... sijaelewa."

Mikono ikabaki juu.

"Hujaelewa nini tena, na wewe ndiye umetueleza?" aliuliza Mama Vifungo.

"Kuna mstari niliuacha. Wa riba. Nilishindwa kuuelewa, nikauruka." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Mama, uliponiuliza nilisema imeisha. Haikuwa imeisha."

Alijua sasa watamcheka. Baba Mdogo aliguna. Lakini mama alishusha mkono, akavuta kigoda. "Lete hizo karatasi. Tuanzie juu kabisa, mwandishi alipoanzia."

Mama hakuwa mjuzi wa mahesabu ya kampuni hata kidogo. Aliweka kidole kwenye neno la kwanza la ukurasa, akasoma kwa sauti, taratibu: jina la kampuni, anwani, taarifa ya mapato. Akashuka kwenye tarakimu ndogondogo zilizokaa juu ya kila safu, ndogo kiasi kwamba alisogeza karatasi usoni.

"Hii ya kwanza kushoto ni mwaka uliopita," alisoma. "Hii ya pili ni mwaka juzi. Hii ya..."

"Mungu wangu!" Kikokotoo alishika kichwa.

Shuleni, miaka huanza kushoto na ya zamani, ikaja kulia na ya leo. Hivyo ndivyo walivyofundishwa kuchora, na hakuwahi kufikiri kwamba mtu angeweza kupanga vingine. Kampuni ilipanga mwaka mpya kwanza ili msomaji auone mapema. Haikuficha kitu, iliandika juu ya kila safu. Yeye ndiye hakutazama.

Aliibandua manila ukutani, akaigeuza. Wino mzito ulikuwa umepenya upande wa pili, na mistari yote ilionekana. Akainyanyua dirishani. Mauzo, kutoka mia tisa, yalikuwa yanateremka hadi mia sita na kumi. Faida ilikuwa imeshuka hadi karibu na chini kabisa. Akatwaa kalamu, na pale pale akaongeza mstari wa riba. Ulianzia chini, ukapanda juu miaka miwili ya mwisho, tangu lile tangi lilipokuja.

"Kumbe haipandi," alisema mmoja wa mafundi, mkono bado uko hewani. "Inashuka!"

"Gesi wanayouza inapungua kila mwaka, na deni linakula hicho kidogo kinachobaki," alisema Kikokotoo. Sasa ilimwingia, yote kwa mpigo. "Ndiyo maana riba ilinigomea. Nilikuwa nasoma miaka kinyumenyume."

Baba Mdogo alikaa juu ya rundo la vitambaa. "Kwa kweli," alisema, na safari hii polepole, "hata pale kona mitungi haitoki kama zamani. Nilidhani ni mimi nimepata mkosi. Na hizo karatasi, niseme ukweli, nilitazama tu ile picha ya mtungi iliyochapwa humo."

Mama Vifungo ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mimi toka mtoto aanze kueleza sijaelewa hata neno moja! Nilikuwa naitikia kwa sababu nilimwona mweka hazina anaitikia."

"Na mimi nilikuwa namwitikia mwanangu," alisema mama, na chumba kizima kikavunjika mbavu. Kikokotoo alicheka na kulia kwa pamoja, akajifuta kwa ukosi wa sare.

Kicheko kilipoisha, mama alimvuta bintiye karibu. "Sikiliza, mwanangu. Kukosea kusoma miaka si dhambi, hata mimi ningekosea. Kosa ni kuniambia imeisha huku moyo wako unajua haijaisha. Pale ulipochanganyikiwa ndipo palipokuwa na habari yenyewe, nawe ndipo ulipoparuka. Ukikwama, sema umekwama. Leo umesema, ukiwa mbele ya watu wazima na mikono iko juu. Hilo najivunia kuliko hesabu zako zote." Kisha akawageukia wenzake. "Na sisi watu wazima tulioitikia tusichokielewa, somo hili ni letu pia."

Hisa hawakununua. Walimwandikia ofisa wa kampuni, akaja na tai yake, wakamuuliza kwa nini mauzo yanashuka na mkopo wa tangi utaisha lini, mpaka akatoa leso kujifuta jasho. Alijibu kwa uungwana: wateja wamehamia kwa wauzaji wengine, na tangi lile bado halijaanza kurudisha gharama zake. Wakamshukuru, wakakubaliana kuitazama taarifa ya mwakani kabla ya kuamua.

Mwezi uliofuata overloki ililetwa kwenye boksi. Mafundi waliizunguka, kila mtu akitaka kuigusa, na Mama Vifungo akatoa kijitabu cha maelekezo, kimejaa michoro ya nyuzi zinazopishana huku na huku. Alimpa Kikokotoo. Msichana alikisoma ukurasa wa kwanza, akakunja uso, akaurudia.

"Vipi, umeelewa?" aliuliza mama.

"Bado, mama," alijibu Kikokotoo, akasogea mtu mwingine apate pa kukaa. "Njoo tusome wote, tuanzie juu."